Damu ya watoto wa Owino Uhuru ilipimwa kwa kuchelewa

Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliwarejeshea wakazi wa Owino Uhuru fidia yao ya shilingi bilioni 1.3. Siku ile simu yangu haikunyamaza. Watu walitumiana habari, wengine wakapongezana kana kwamba fedha zimeshaingia mfukoni. Nami nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini katika ujumbe wote niliopokea, swali lililojirudia zaidi lilikuwa moja: "Kwani walikufa wangapi?"

Hilo ndilo swali ninalotaka kulizungumza leo, kwa sababu nadhani ndilo lililotuponza tangu mwanzo. Kwetu hatari haiitwi hatari mpaka kuna jeneza. Kiwanda kikitoa moshi, tunangoja. Mtoto akikohoa, tunangoja. Afisa wa serikali akija anauliza waliokufa, na akiambiwa hakuna mwenye cheti cha kifo kilichoandikwa "sumu", anafunga daftari lake na kwenda zake. Sumu ya risasi haifanyi kazi yake hivyo, na mtu akitumia idadi ya makaburi kuipima atakosea kila mara.

Kwa wasioikumbuka vizuri habari yenyewe: Owino Uhuru ni mtaa wa vibanda ulioko Mikindani, upande wa Jomvu, wenye wakazi wanaokadiriwa kuwa 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha Kenya Metal Refineries kilianza kuyeyusha betri kuukuu za magari hapo. Sisemi karibu na mtaa. Ukuta wa kiwanda ndio ukuta wa nyumba za watu. Betri zilivunjwa, vibamba vya risasi vikayeyushwa, moshi ukatua juu ya mabati, na maji machafu yakashuka mpaka milangoni. Phyllis Omido, aliyeajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, ameeleza kuwa kazi yake ya mwanzo ilikuwa kushughulikia ripoti ya athari kwa mazingira, na kwamba ushauri wake wa kukihamisha kiwanda haukukubaliwa. Kisha mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Aliacha kazi, akaanzisha shirika, akaandamana, mwaka 2012 akakamatwa na kushtakiwa, mahakama ikamwachilia, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya Goldman. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Kesi ikafunguliwa Mombasa mwaka 2016.

Sasa tuzungumze hii risasi yenyewe. Kiswahili kimeyapa madini haya jina moja na kile kinachotoka kwenye bunduki, na mimi naona jina limetupotosha kidogo. Risasi ya bunduki ina mlio, ina jeraha, ina mtu wa kushikwa. Risasi ya betri haina lolote katika hayo. Wavuvi wetu wameishika kwa mikono miaka na mikaka, wakaiyeyusha kwenye kopo na kutengeneza chubwi za nyavu na mishipi, na hakuna aliyeanguka hapo hapo. Ndiyo maana ni vigumu kumwambia mtu kwamba hiki unachokiyeyusha mbele ya jiko la mkeo kinamdhuru mwanao.

Inamdhuru vipi? Mtoto mdogo anapoimeza risasi, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile. Na mtoto ndiye anayetambaa sakafuni, ndiye anayetia mkono kinywani. Ikishaingia kwenye damu huenda kwenye ubongo, ini, figo, halafu nyingi yake hujificha kwenye mifupa na meno, na huko hukaa miaka mingi. Msichana aliyeila akiwa na miaka sita anaweza kuja kuibeba mimba yake miaka ishirini baadaye, mifupa yake ikaiachia ile risasi ya zamani, ikampitia mtoto aliye tumboni. Mama ananyonyesha, na kwenye maziwa imo. Shirika la Afya Duniani linasema waziwazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Ikiwa nyingi sana huleta degedege, au nyuni kama wanavyosema wazee wetu, na huua. Hizo ndizo maiti ambazo afisa anazitafuta. Lakini kwa watoto walio wengi hufanya kazi ya kimya. Mtoto anachelewa kusema. Anakuwa mkali bila sababu. Akipelekwa chuoni hashiki sura fupi ambayo wenzake wameihifadhi kwa wiki moja, na maalimu anamchapa kwa uvivu. Akienda shule anarudia darasa. Mama yake anasema huyu wangu ni mzito tu, kamfuata babu yake. Hakuna daktari atakayeliandika hilo mahali popote. Hakuna mtu atakayelihesabu. Lakini mtoto ameshapunguziwa kitu alichoumbwa nacho, na hakuna dawa ya kumrudishia.

Nasisitiza hilo la dawa, kwa sababu wengi hudhani wagonjwa wakijulikana watatibiwa tukamaliza. Ipo dawa ya kuivuta risasi nje ya damu, lakini kwa watoto hupendekezwa pale kipimo kinapofika mikrogramu 45 kwa desilita moja ya damu, kiwango ambacho tayari ni balaa. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia mikrogramu 5. Mtoto aliye kati ya 5 na 45 tiba yake kubwa ni kumtoa kwenye chanzo na kumlisha vizuri, apate madini ya chuma na kalisi ya kutosha, maana mwili wenye upungufu wa vitu hivyo huifyonza risasi zaidi. Kwa hiyo kupima mapema ndiko tiba yenyewe. Ukichelewa kupima, huna cha kumpa ila pole.

Mimi si daktari, lakini nimejaribu kuusoma utaratibu ambao wataalamu hutumia kukadiria hatari ya sumu kwa afya ya watu, na nimeona si mgumu kama wanavyoufanya uonekane. Huanza kwa kuuliza: kitu hiki ni sumu au si sumu? Kwa risasi hakuna ubishi. Kisha: kiasi gani kinaleta madhara gani? Nalo limejibiwa kwa utafiti wa miongo mingi. Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo linalotaka mtu avue viatu aingie mtaani: watu wa hapa wanakutana nayo vipi, wapi, mara ngapi, na nani zaidi? Ukishajua hayo matatu unajumlisha, unasema hatari ni kubwa au ndogo, na unaamua.

Sasa hilo la tatu ndilo ambalo nchi kama zetu hulifanya kwa kunakili. Fomu zimetoka nchi ambazo mtoto anacheza kwenye zulia, chakula kiko kwenye friji, maji yanatoka ukutani, na kiwanda kiko kilomita kadhaa kutoka kwa nyumba ya karibu. Ukiijaza fomu hiyo ukiwa Nairobi, Owino Uhuru itaonekana salama. Lakini ingia Owino Uhuru uone. Sakafu ni udongo. Mama anakaanga mihogo na viazi nje, mita chache kutoka mfereji. Mvua ikinyesha maji ya mabati yanakingwa kwenye ndoo yakatumiwa nyumbani. Baba anayefanya kazi kiwandani anarudi na ovaroli ile ile, inafuliwa kwenye beseni la nguo za mtoto. Kuku wanachakura kwenye ule udongo, na mayai yanaliwa. Njia hizo zote zinamwelekea mtoto mmoja, na kwenye karatasi hakuna hata moja.

Na hapa nasema bila kumung'unya maneno: sheria haikukosekana. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ifanywe kabla mradi haujaanza, na inataja kanuni ya tahadhari, yaani kwamba kukosekana kwa ushahidi kamili wa kisayansi si kisingizio cha kukaa tu. Katiba ya 2010 ikaongeza. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema mtu anayekwenda mahakamani kuidai haki hiyo hahitajiki kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Soma tena hapo. Waliotunga Katiba walijua kuwa ukimngojea mgonjwa umeshachelewa. Hata masheikh wetu hutufundisha kuwa kuzuia madhara kunatangulia kutafuta manufaa, wala hawajatuwekea sharti kwamba kwanza mtu azikwe.

Lakini ipo tofauti kati ya kusimamisha madhara na kulipwa kwa madhara, na tofauti hiyo ndiyo iliyowatesa watu wa Owino Uhuru. Julai 2020 Jaji Ann Omollo wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa aliwapa ushindi. Aliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kuusafisha. Lawama aliigawa kwa mafungu. Fungu kubwa zaidi, asilimia 40, hakumpa mwenye kiwanda. Aliipa NEMA, mamlaka ile ile ya kulinda mazingira. Wizara za mazingira na afya nazo zilipata mafungu yao, pamoja na mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje. Yaani mahakama ilisema aliyelala langoni ana makosa kuliko mwizi aliyeingia. Wapo waliolalamika kuwa huo ni uonevu. Mimi naona ni haki tupu. Mwenye kiwanda alikuwa anatafuta faida, na hilo linajulikana. Mlinzi je, alikuwa anatafuta nini?

NEMA ikakata rufaa. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa iliitangua ile fidia na kutaka hesabu ya madhara ifanywe upya. Sitaki kuwadhihaki majaji wale. Swali lao kisheria lilikuwa na mantiki yake: fulani ameumia kiasi gani, na fulani kiasi gani, na ushahidi uko wapi? Lakini fikiria swali hilo linaulizwa nani. Linaulizwa mama wa kibanda ambaye kati ya 2007 na 2014 hakuna mtu wa serikali aliyempimia mtoto wake damu mwaka hata mwaka. Waliopimwa walikuwa wachache, tena wengine kwa juhudi za wanaharakati. Mwenye jukumu la kupima hakupima, halafu asiyekuwa na uwezo wa kupima akatakiwa alete vipimo.

Tena kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipolichimba, na linanikera mpaka leo. Risasi haikai kwenye damu muda mrefu. Kiasi kilichoko kwenye damu hupungua nusu katika muda wa mwezi mmoja hivi, kingine kikihamia mifupani na kingine kikitoka kwa mkojo. Maana yake kipimo cha damu kinasimulia zaidi habari za majuma ya karibuni, hakisimulii miaka. Watafiti walipokuja kuwapima watoto wa Owino Uhuru na kuwalinganisha na watoto wa Bangladesh (ule mtaa wetu wa Mombasa, si nchi), kiwanda kilikuwa kimeshafungwa. Hata hivyo walikuta wastani wa risasi kwenye damu ya watoto wa Owino Uhuru uko takriban maradufu ya wenzao, mikrogramu 7 na zaidi kwa desilita dhidi ya 3 na zaidi. Udongo wa Owino Uhuru ulikuwa na risasi zaidi ya mara kumi ya udongo wa Bangladesh. Hiyo ni baada ya tanuri kuzimwa. Damu ya 2010, tanuri likiwaka usiku kucha, ilikuwa na kiasi gani? Haitajulikana kamwe. Ile 7 inaweza kumfanya mtu wa ofisini aseme mbona si kubwa sana, na hataelewa kuwa anaangalia majivu anakadiria moto.

Ndiyo maana uamuzi wa Desemba 2024 nauona una uzito kuliko zile fedha. Mahakama ya Juu ilikataa kuwarudisha watu wale kwenye foleni ya kuthibitisha upya. Ukizigawa bilioni 1.3 kwa wakazi 3,000 unapata kama shilingi 430,000 kwa mtu, fedha ambazo Mombasa ya leo hazikununulii hata kiwanja cha maana. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na miaka 17 siku hukumu ya mwisho iliposomwa. Ubongo wake ulikuwa umeshamaliza sehemu kubwa ya kukua kwake.

Hatuko peke yetu katika hili. Kule Thiaroye-sur-Mer, mji wa wavuvi nje ya Dakar, Senegal, Waislamu kama sisi na watu wa bahari kama sisi, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa maradhi ya ubongo yaliyokwenda kasi na yasiyoeleweka. Bei ya risasi ilikuwa imepanda duniani, na watu walikuwa wakichekecha udongo uliojaa mabaki ya betri ili wauze kilichomo. Baada ya vifo ndipo damu ikapimwa: watu 81, na wote walikutwa na sumu. Miaka miwili baadaye, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa vumbi la risasi lililotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Huko dunia ilikimbia kwa sababu kulikuwa na makaburi. Angalia lakini: Thiaroye na Owino Uhuru zilikuwa na kazi ya aina moja, kuyeyusha betri, mwaka ule ule wa 2007. Kule watoto walikufa, msaada ukaja kwa miezi. Hapa watoto walipungua polepole, na haki ikaja kwa miaka 17. Ni kama tumeadhibiwa kwa kutokufa haraka.

Kuna neno jingine linasemwa chini kwa chini barazani kwetu na sitalifumbia macho. Kwamba hao wa Owino Uhuru ni watu wa bara, jina lenyewe linaonyesha, kwa hiyo wenyewe na mambo yao. Nimelisikia kwa masikio yangu kutoka kwa watu wanaoswali safu ya mbele. Wallahi ni aibu. Kusi ikivuma moshi unakwenda upande mmoja, kaskazi ikivuma unakwenda upande mwingine, na Mikindani nzima, Jomvu na Changamwe wamechanganyika humo, Mswahili, Mmijikenda, Mkamba, Mjaluo. Na hata kama wangekuwa wageni wote, mtoto ana haki gani tofauti? Sisi ndio tunaolia kila siku kwamba Pwani imetupwa. Hatuwezi kulia hivyo huku tunachagua watoto wa kuwalilia.

Turudi kwenye leo, kwa sababu betri hazikuisha na kufungwa kwa kiwanda kimoja. Nyumba nyingi za vijijini Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu sasa zina taa za sola, na nyingi kati ya sola hizo kubwa zina betri ya risasi ndani. Kila tuktuk ina betri, kila gari lina betri, kila mnara wa simu una betri. Betri hizo zikifa hununuliwa kwa kilo na vijana wa chuma chakavu. Zinakwenda wapi? Sipingi kuzirejeleza. Betri ya risasi ni katika vitu vinavyorejelezwa vizuri zaidi duniani, ikifanywa katika kiwanda kilichofungika, chenye vichujio, chenye wafanyakazi wanaooga na kubadili nguo kabla ya kutoka, na kilicho mbali na watu. Najua pia kwamba kiwanda kile kiliwapa vijana wa Mikindani kazi, na kwamba ukimwambia mtu asiye na chakula habari za mikrogramu atakucheka. Lakini kazi ile ile ingeweza kufanywa mahali pengine kwa gharama kubwa kidogo. Gharama hiyo mwenye kiwanda hakuilipa. Imelipwa na watoto.

Na risasi haitoki kwenye betri peke yake. Petroli yenye risasi Kenya iliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na hilo lilikuwa jambo kubwa ambalo hatulizungumzi vya kutosha. Rangi za mafuta za zamani bado ziko kwenye milango na madirisha mengi ya Mji wa Kale, na fundi akizikwangua bila kulowesha, vumbi linaingia ndani kwa watoto. Sufuria nzito zinazosubiwa kutokana na mabaki ya injini zimekutwa na risasi katika nchi kadhaa za Afrika. Halafu kuna wanja. Najua nagusa pabaya. Wanja wa manga tunawapaka watoto wetu wa siku saba, mabibi wanasema unakuza jicho na kuondoa husuda. Baadhi ya wanja, hasa ule unaosagwa kutokana na jiwe jeusi linalong'aa, jiwe lenyewe ni risasi na salfa. Mtoto anapangusa jicho, anatia kidole mdomoni. Sisemi mila iachwe. Nasema muuzaji aulizwe wanja wake umetengenezwa kwa nini, na kama hajui, usimpake mtoto mchanga. Wanja wa masizi ya taa tulikuwa nao, na bado unajulikana kutengenezwa.

Takwimu za UNICEF na shirika la Pure Earth za mwaka 2020 zinasema mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana risasi kwenye damu inayofika au kupita mikrogramu 5, wengi wao wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini. Nambari kama hiyo haimshtui mtu, ni kubwa mno. Mimi ingenishtua zaidi nambari ndogo: watoto wangapi wa Jomvu, wangapi wa Changamwe, wangapi wa Mwakirunge ambako taka za mji zinamwagwa, wangapi wa nyumba za karibu na gereji. Hiyo ndiyo nambari ambayo afisa wa afya wa kaunti anapaswa kuwa nayo mezani kama alivyo nayo ya malaria na ya kipindupindu.

Na wasituambie haiwezekani. Ipo mashine ndogo ya kubebeka, ya ukubwa wa kukaa mezani zahanatini, inayotumia tone la damu ya kidole na kutoa jibu kwa dakika tatu hivi. Kliniki za watoto tayari zipo, mama anakwenda kwa chanjo na kupima uzito, kitabu cha mtoto kina nafasi. Ongeza kipimo kimoja, mtoto akiwa na mwaka mmoja, kwa kuanzia na wadi zenye viwanda na majaa ya taka. Tone hilo moja lingekuwa kumbukumbu. Kiwanda kikija kesho, kingekuta watoto ambao damu yao inajulikana. Baada ya mwaka unapima tena. Ikipanda, hakuna haja ya mwanaharakati kukamatwa wala kesi ya miaka minane. Unakwenda na vitabu vya kliniki unafunga lango. Na mtu asiambiwe alete ushahidi wa mtoto wake, maana ushahidi uko kwa serikali yenyewe.

Wakati huo hamjafika, kuna machache ambayo mama wa Mikindani anaweza kuyafanya bila kumngoja mtu. Apanguse sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu, kwa kuwa ufagio hupeperusha vumbi. Viatu vibaki mlangoni, jambo ambalo sisi tumelizoea. Mtoto anawe mikono kabla ya kula, si baada tu. Maji ya mabati yasiwe ya kunywa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharagwe na mboga za majani zina kazi hapa, nazo si vyakula vya tajiri. Hayo hayaondoi risasi iliyoko kwenye udongo. Udongo unataka mashine, fedha na amri iliyotekelezwa.

Udongo huo ndio unaoninyima usingizi kuliko fidia. Tanuri lilizimwa mwaka 2014, lakini risasi haiozi, haitoweki, haipeperuki ikaisha. Mtoto anayejifunza kutambaa Owino Uhuru leo hakuwapo wakati wa kiwanda, jina lake halimo kwenye kesi, na hana fungu kwenye zile bilioni. Kaunti itakapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti ya afya, mimi nitakwenda na swali moja kwa maandishi: mashine ya kupima risasi zahanati ya Mikindani itanunuliwa mwaka gani, na nani atasaini. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano upande ule wa mji, naomba tuonane huko.